Kucha za Alhamisi

Kwenye mtandao naitwa Fiona. Ukinitafuta Moseley, hapa Birmingham, utaona picha ya mikono isiyo na uso, na chini yake maneno machache niliyoyaandika mwenyewe kwa Kiingereza cha kujikaza. Nasema kwamba natengeneza kucha za wanaume wanaopenda kuvaa nguo za kike, na za mtu mwingine yeyote anayetaka kupendeza bila kelele. Mlango ni wa pembeni, karibu na mapipa ya taka. Dirisha lina pazia. Hakuna mteja atakayemkuta mwenzake akisubiri. Na sheria ya mwisho, niliyoipigia mstari, ni kwamba tukikutana nje hatujuani.

Sheria hiyo niliitunga mimi, hakuna aliyenishika mkono. Naisema mapema ili baadaye nisije nikamlaumu mtu.

Jina langu hasa ni Zilpah. Waingereza wakiliona huuliza linatamkwaje na linatoka wapi, na mtu aliyekuja na siri yake hana muda wa somo la jiografia. Kwa hiyo Fiona. Wateja wangu ni watu wa kawaida kabisa: fundi wa mabomba, mwalimu mstaafu, dereva wa lori mwenye vidole kama mihogo. Wengi hawataki hata rangi. Wanataka kucha zipigwe tupa ziwe na umbo zuri, ngozi ya kwenye mzizi isukumwe nyuma, kisha zisuguliwe kwa msasa laini mpaka zing'ae zenyewe. Ofisini hakuna atakayeona kitu, ila mwenyewe anajua. Wengine huchukua kucha za kubandika, wakazivaa Jumamosi nyumbani na kuzing'oa Jumapili.

Kucha nina subira nazo. Watu wanaouliza "kwa nini" sina. Mume wangu aliniacha akaenda na mwanakwaya, na nusu ya kanisa ikaenda nao, wala sikusikia mtu akisimama kuuliza kwa nini. Tangu hapo nikajitenga na Wakenya wenzangu wa Birmingham. Aliyebaki ni Mama Tevin peke yake, muuguzi, aliyenipokea kwake Sutton Coldfield nilipofika nchi hii sina hata koti. Yeye alikuwa akinipigia simu kila Krismasi na kunigombeza kwamba nimekonda, ingawa hakuwa ameniona.

Walter alipokuja mara ya kwanza, alikuja kwa Fiona. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi. Niliona ni Mwafrika, lakini mji huu una Waafrika wa kila pembe, na sikutaka kuchunguza. Tukaongea Kiingereza, yeye chake cha ofisini, mimi changu cha Fiona. Nilikuwa nimemaliza mkono wa kushoto nilipogonga kiwiko kwenye taa, na maumivu yakanitoa maneno kabla sijayachuja.

"Haki ya nani! Hii taa itaniua!"

Mkono wake ukawa baridi ndani ya wangu.

"Wewe ni Mkenya?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Si wewe pia."

Akasimama, akaanza kutafuta koti. Maskini, alikuwa amepita saluni zote za mjini akachagua Fiona wa Moseley ili asikutane na mtu wa kwao, na tazama alipoangukia.

"Sasa unaenda wapi na mkono mmoja?" nikamwambia. "Keti, mzee. Mimi hao watu hata hatuongei."

"Mimi ndio chairman wa chama cha maziko," akasema akiwa bado amesimama. "Kila Mkenya hapa ananijua. Mtu akikufa mimi ndio wa kwanza kupigiwa. Unaelewa nikisema kila mtu?"

"Naelewa. Na mimi ni yule bibi aliyeachwa. Kila mtu ananijua pia. Keti basi."

Akaketi. Nikamaliza mkono wa kulia, na akawa anakuja kila Alhamisi.

Mwanzoni alikuwa akiongea kidogo, akichanganya. Mambo ya kazi yake, nyumba ya wazee anayoisimamia, aliyasema kwa Kiswahili. Yale mengine aliyasema kwa Kiingereza, haraka, akiangalia ukuta. Siku moja nikamtania kwamba anaruka ua kuingia Kiingereza kila akifika pale pale.

"Hii kitu sijawahi kuisema kwa Kiswahili," akanijibu. "Sijui hata inaanzia wapi."

"Anza popote. Hapa ni mimi na birika tu."

Nikaendelea na tupa. Halafu akasema, "Napenda kuvaa nguo za wanawake. Nikivaa, natulia. Napika chai, naketi, naangalia taarifa ya habari. Ni hivyo tu." Akainua macho juu, kama anayeangalia kama dari bado lipo, na akaanza kucheka. Mimi pia nikacheka. Nikamuuliza kama akivaa ana jina lingine, maana wateja wengine wanalo. Akasema hana, ni yeye tu, Walter, ila amepumzika.

Mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Alhamisi moja ya mvua akanisimulia kwamba marehemu aliwahi kukuta rangi ya mdomo mfukoni mwa koti lake, akalia usiku kucha akidhani ana mwanamke nje. Walter akakubali. Aliona heri aitwe mzinzi kuliko aseme kwamba rangi ile ni yake. Akaomba msamaha kwa mwanamke asiyekuwepo, wakasameheana, na mama wa watu akaenda kaburini akiamini hivyo.

"Angenielewa, unadhani?" aliniuliza.

"Sikumjua," nikasema. Sikutaka kumdanganya. Nikamshika mkono zaidi ya kazi ilivyohitaji, na yeye hakuuvuta.

Na mimi nilikuwa nikipata nini? Nitasema, maana sioni aibu. Nilikuwa nikipata Kiswahili. Nilikuwa nikipata mtu anayefika mlangoni na kusema "Hodi" badala ya kubonyeza kengele, anayeuliza "Umekula lakini?" na kungoja jibu. Unaweza kukaa Moseley mwezi mzima, mikahawa imejaa, watu wanacheka kwenye viti vya nje na mbwa wao, na asitokee mtu wa kukuuliza kama umekula. Jumatano nilikuwa nikisafisha nyumba kama anakuja mgeni wa posa. Usinielewe vibaya, haikuwa mapenzi ya hivyo. Nilimpenda kama unavyompenda mtu pekee anayejua jina lako.

Alhamisi ninayotaka kuisimulia, alikuja na uso wa sherehe. Alikuwa amechukua likizo ya wiki nzima, mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe, na hakuwa anaenda popote. Angekaa kwake Edgbaston, pazia zake zimefungwa. Akataka rangi. Jeli kamili, ile inayokaushwa kwa taa na kukaa wiki mbili. Nikamtolea chupa zote, akazipita nyekundu na za waridi mpaka akaweka kidole kwenye moja.

"Hii. Damu ya mzee."

Nilikuwa sijalisikia jina la rangi hiyo tangu niondoke Kenya. Kwenye chupa wameandika upuuzi fulani kuhusu mvinyo.

"Mama yangu alikuwa na kitambaa cha kichwa cha rangi hii," akasema. "Cha Jumapili."

Nikampaka tabaka tatu, polepole. Zilimkaa vizuri ajabu. Alizinyoosha mbele ya macho, akazigeuza, akashika kikombe cha chai akajiangalia anavyokishika. Kisha akavaa glavu zake za ngozi akaenda, na mlangoni akageuka akasema, "Asante, Zilpah," sio Fiona. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunga mlango.

Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu kwamba Mama Tevin amefariki. Alianguka jikoni kwake akitoka zamu. Sikumbuki nilivaa nini. Nilipanda treni ya Sutton Coldfield nikilia waziwazi, na abiria wenzangu, kwa heshima yao ya Kiingereza, wakaangalia nje wote kwa pamoja. Sikumfikiria Walter hata kidogo. Nilimfikiria mtu ambaye hatanigombeza tena Krismasi.

Nyumba ilikuwa imeshajaa. Makoti yalikuwa kitandani, mlima mzima, nikatupia langu juu na simu mfukoni mwake, nikaingia jikoni. Aliyekuwa akiongoza sufuria ni Rita, mwanamke ninayemjua tangu enzi za kanisa. Sauti yake inatoboa ukuta na macho yake hayaachi kitu.

"Aki Zilpah! Umepotea kabisa! Bado unafanya ile job ya kucha?"

"Bado."

"Niliskia siku hizi unapaka hadi wanaume. Ni ukweli? Wanaume kabisa, na cutex?"

"Rita, nipe hivyo vitunguu," nikasema.

Tulipika mpaka mchana. Vyumba vyote vilikuwa na watu, wanaume sebuleni, kila aliyeingia akizunguka kumpa mkono kila aliyeketi. Chakula kilipoiva Rita akanipa jagi la maji ya moto, beseni na sabuni, yeye akajitwika taulo begani. Utaniambia nyumba za hapa zina mabomba. Zinayo. Lakini msiba ni msiba, na ugali ni ugali, na wazee hawapangi foleni chooni wakati wa kunawa. Mimi ningemwaga maji, Rita angefuata nyuma yangu akiwapa taulo.

Nikainama kwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walikuwa wakinyoosha mikono bila kuniangalia, wakiendelea na mazungumzo ya tiketi za ndege na jeneza. Na ndipo nikamwona Walter, kwenye kochi la katikati, kwa suti nyeusi, mikono imefichwa kwapani.

Huyu mtu alikuwa amepigiwa simu wa kwanza, kama kawaida, akiwa na damu ya mzee vidole kumi. Jeli haitoki kwa hasira. Inalowekwa kwa asetoni, dawa ya kutolea rangi, inafungwa kwa karatasi ya bati, inangojwa. Baadaye niliona kwenye simu alivyonipigia tena na tena, na jirani yangu Navdeep akaniambia mwanamume mrefu aligonga mlango wa pembeni kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu.

"Chairman, nawa," mtu akasema.

Hakuwa na la kufanya. Mzee anayekataa kunawa mikono matangani ataulizwa na nyumba nzima kama ni mgonjwa. Akaitoa mikono juu ya beseni. Maskini! Alikuwa amezikwangua kucha zake, nadhani kwa kisu. Katikati ya kucha kulikuwa kweupe, kumechubuka, na kwenye kona zote, kando ya ngozi, rangi ilikuwa imebaki, mistari ya damu ya mzee inayong'aa kama siku nilipoipaka. Na umbo lake lilikuwa lile lile nililolipiga tupa mimi, safi, la mviringo. Kwa mtu asiyejua, labda ni rangi ya mlango. Lakini nyuma yangu alikuwa Rita na taulo, na tangu asubuhi alikuwa ananitania habari ya wanaume na cutex.

Walter aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo, wala sitaki tena. Alikuwa ananiomba, na hakujua anaomba nini.

Nikaachia beseni.

Maji yote machafu ya wanaume waliokwisha kunawa yakamwagika mapajani mwake, povu na yote. Jagi nalo likafuata. Sebule nzima ikapiga kelele. Rita akanirukia, "Wewe Zilpah! Ni nini mbaya na wewe?" na kabla hajamalizia, Walter alikuwa ameshanyakua taulo begani mwa Rita akazungushia mikono yote miwili kama anayejipangusa.

"Pole sana, mzee," nikasema. "Pole. Limeniponyoka."

Akasimama, maji yakimchuruzika. Watu walikuwa wakingoja aseme neno, maana ni mwenyekiti na amelowa. Nilingoja pia.

"Huyu mama ni nani?" akauliza, kwa sauti ya mikutano. "Nani amempa hii kazi? Mtoeni hapa, mtafute mtu anajua kushika kitu."

Wanaume wakacheka. Najua kwamba ilibidi. Hakuwa na maneno mengine ya kusema, na kama angenionea huruma Rita angejiuliza kwa nini. Najua hayo yote, nilijua hata pale pale, na bado yalinichoma mpaka nikashindwa kuokota jagi. Akaondoka na taulo lake mikononi kwenda nyumbani kubadilisha suruali, na hakuna aliyeona chochote. Rita aliokota beseni. Mimi nilirudi jikoni nikalia, na wote wakadhani namlilia Mama Tevin. Nusu ilikuwa kweli.

Alhamisi iliyofuata nilitandika meza. Nilichemsha asetoni, maana yangu niliweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto ipate joto, nikakata karatasi ya bati vipande kumi, nikaweka na mafuta ya kulainisha kwa ajili ya zile kucha zilizochubuka. Nilikuwa nimepanga nitamtania hivi: "Huyu mzee ni nani? Nani amempa hizi kucha?" Nilijizoeza nikiwa peke yangu mpaka sauti ikakaa sawa. Nikachemsha chai ya maziwa. Muda wake ulipofika, simu ikalia mara moja.

Alikuwa ameandika kupitia ule ukurasa wangu, kwa Kiingereza, kwa Fiona. Mpendwa Fiona, akasema, nakushukuru kwa huduma yako nzuri. Naomba ufute nafasi yangu ya Alhamisi. Nakutakia kila la heri katika biashara yako.

Niliisoma mara nyingi nikitafuta Zilpah ndani yake. Fiona alikuwa mtu salama, hana ukoo, hana kanisa, hana Rita. Zilpah alikuwa amesimama mbele ya nyumba nzima ya Wakenya akimwagiwa kicheko, na kuanzia siku hiyo jina lake lilitajwa pamoja na la mwenyekiti. Nilielewa. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa jina la Fiona, kwamba mlango uko wazi wakati wowote. Hakujibu. Chai nikaimwaga.

Sasa kichekesho chenyewe ni hiki, kwamba mimi nikarudishwa kundini. Yule wa beseni, wakaniita. Rita akawa ananipigia simu kila wiki kunikumbusha nilivyomlowesha mwenyekiti, anacheka mpaka anakohoa, kisha ananiambia chama cha akina mama kinakutana kwa nani. Nikaanza kwenda. Siku hizi nina Kiswahili cha kutosha, asubuhi na jioni, habari za nani amezaa na nani ameachika. Wananiuliza nimekula, na wananipakulia kabla sijajibu. Nawashukuru. Nikirudi Moseley nawasha taa zote, naketi kwenye kiti cha wateja, na katika yote niliyoambiwa siku nzima sioni hata moja lililohitaji kuambiwa mimi na si mtu mwingine.

Tulimfanyia Mama Tevin ibada ya kumbukumbu kwenye ukumbi wa kanisa majira ya baridi yalipoisha. Nilivaa vizuri. Ibada ilipokwisha wazee wakapanga mstari mlangoni, nasi tukapita tukiwapa mkono mmoja mmoja, Rita mbele yangu akiongea bila kupumua. Nilimwona Walter kabla hajaniona. Amekonda. Rita akamtikisa mkono na kusema, "Chairman, huyu hapa adui yako wa maji!" na mstari wote ukacheka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama," akajibu, kwa upole wa mtu asiyekufahamu. "Hiyo tulishasahau."

Akanipa mkono. Sikuhitaji kuangalia, vidole vyangu viliona vyenyewe. Kucha zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama, zote, fupi hivi kwamba hata za mtoto mchanga hazikatwi hivyo. Nyingine zilikuwa na vidonda. Hapakuwa na umbo, hapakuwa na mng'ao, hapakuwa na kitu ambacho hata mwenyewe angeweza kukiona akiwa peke yake.

Na kidole gumba changu, bila kuniuliza, kikafanya kilichozoea. Kikakaa juu ya gumba lake na kuisukuma ile ngozi ya kwenye mzizi nyuma, taratibu, kama ninavyoanza kazi. Yeye alikuwa akimwangalia Rita, akitabasamu kwa jambo alilosema. Hakunitazama, lakini mkono wake ulilegea ndani ya wangu, wote, kama ulivyokuwa ukilegea Alhamisi.

Kisha mtu nyuma yangu akasogea, na Walter akauchukua mkono wake akampa anayefuata.